Hapa Hakuna Watu

Barabara inayopita juu ya shamba la Magdaline ilichongwa kwa ajili ya lori la majani chai, na mpaka leo lori hilo ndilo gari pekee linaloijua vizuri. Inaachana na lami nje kidogo ya Othaya, inapanda mgongo wa kilima, inazunguka kona moja kali, halafu inateremka hadi mtoni na kupanda tena ng'ambo. Asubuhi utasikia ng'ombe akidai nyasi, redio ya jirani, na mtu akikohoa upande wa pili wa bonde. Injini huisikii mpaka siku ya kuuza majani.

Utulivu huo ndio ulioleta watu wa baiskeli.

Aliyewaleta ni Kinuthia, kijana wa marehemu Wamae wa kilima cha pili. Kijana tunamwita tu, lakini ni baba wa watoto na kitambi kimeanza kuonekana. Alikuwa Nairobi kwenye kazi ya hoteli, akarudi na baiskeli kadhaa za magurudumu manene, akaanza kuzungusha wageni. Wazungu walikuwa wachache. Wengi walikuwa watu wa Nairobi wenye kazi nzuri, waliochoka kusukumwa mtaroni na matatu. Aliwatoa Nyeri mjini kwa njia za ndani, wakapita kwenye kahawa, wakaingia kwenye chai, wakalala Othaya, na kesho yake wakashika vijia vya kuelekea Kangema. Siku nzima mtu anakanyaga pedali bila kupigiwa honi hata mara moja. Kwa mtu wa Nairobi, hiyo ni kama kuonjeshwa mbingu kabla ya kufa.

Mwanzoni Magdaline hakuwa na neno nao. Yeye alizaliwa Kangema kwenye chai, akaolewa Othaya kwenye chai. Mama yake alimbeba mgongoni akichuma, na yeye akambeba binti yake Lynn mgongoni akichuma. Nyumba ya mawe anayokaa na mumewe Gatimu ilijengwa kwa chai, na nyonga ilipomsumbua ilitibiwa kwa chai. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti kavu, na uchafu haukai naye. Zizi lake limefagiliwa kuliko sebule za watu wengine. Mtu akitema mate uani kwake, hupewa jembe afukie.

Basi wageni walipoanza kupita Jumamosi, aliwaitikia salamu, akawauzia ndizi mbivu na nduma za kuchemsha pale langoni. Aliwaona kama watu wapole. Hawakuwa na vumbi la gari wala kelele, na suruali zao za kubana zilimchekesha mpaka akajifunika mdomo na leso.

Kilichomwondolea kicheko ni neno moja. Jumamosi hiyo alikuwa katikati ya michai yake, aproni ya plastiki kiunoni na kikapu mgongoni, wageni waliposimama pale kwenye kona. Kinuthia alinyoosha mikono juu ya bonde lote na kuwaambia kwa Kiingereza, kile ambacho hata mtu wa darasa la saba anakielewa:

"Tazameni. Hapa hakuna magari, hakuna kelele, hakuna watu."

Jioni Magdaline alimuuliza Gatimu, "Mimi ni nini basi?"

"Labda hakukuona," Gatimu alisema.

"Aliniona. Si alinipungia mkono."

Gatimu ni mtu wa kutotaka maneno. Alimwambia hiyo ni biashara ya watu wa baiskeli, kila biashara ina uongo wake. Huenda mambo yangeishia hapo.

Jumatatu iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha usiku. Magdaline alianza kuchuma mistari ya karibu na kona, na kikapu kilipojaa alikiweka chini kati ya michai, akanyoosha mgongo. Kisha akapitisha mikono chini ya kikapu ili akiinue. Vidole vyake vikazama kwenye kitu laini.

Harufu ilimfikia kabla hajaangalia. Akadhani ni mbwa. Halafu akaona karatasi nyeupe ya choo imenaswa kwenye tawi, imelowa, imeshikamana na majani machanga aliyokuwa akielekea kuyachuma.

Huyu ni mwanamke ambaye ameshika samadi ya ng'ombe tangu utotoni bila kukunja uso. Ng'ombe hula nyasi na kutoa nyasi. Lakini hiki kilikuwa cha mtu aliyekula mayai na soseji hotelini, akapanda baiskeli, akaja kukiacha hapa, kwenye mstari ambao mtu hupita mikono mitupu tangu alfajiri. Alisimama mikono ameitenga mbali na mwili, kama ya mtu mwingine, na kwa muda hakujua aipeleke wapi.

Chini ya kikapu kulikuwa kumeenea. Magdaline akakigeuza na kumwaga majani yote, kazi ya asubuhi nzima, kwenye mtaro wa barabara.

Jirani yake Beth, aliyekuwa akichuma ng'ambo ya mpaka, alimwona akapiga yowe. "Ati unamwaga? Umerogwa?"

Magdaline akamweleza.

"Sasa si ungekung'uta tu hiyo ya chini," Beth alisema. "Peleka kwa karani, apime, iende. Kule kiwandani kuna moto. Moto unaua kila kitu."

"Wewe ungekunywa?"

"Nitajuaje ni gani?" Beth alicheka.

Magdaline alimtazama yule mwanamke aliyezaa naye miaka ileile na kuzika naye, akapoteza hamu ya kuongea. Alienda nyumbani akajiosha kwa sabuni, akajiosha kwa jivu, akajiosha kwa sabuni tena mpaka ngozi ikauma. Mchana huo alikula kwa kijiko, na hata kijiko alikishika kwa ncha.

Tangu siku hiyo macho yake yalifunguka, na alitamani yafungwe. Karatasi zilikuwa zimetapakaa kwenye mistari yote ya kona kama maua ya ajabu. Kulikuwa na vile vitambaa vyenye unyevu vya kupangusia watoto, ambavyo mvua ikinyesha vinaoshwa tu na kubaki vyeupe zaidi. Chini ya karavati, pale mtaro unapopita chini ya barabara, alikuta lundo ambalo nzi walikuwa wamelimiliki. Akawa anachuma akiangalia chini badala ya kuangalia chipukizi, na kazi iliyokuwa ikienda yenyewe kama pumzi ikawa ya kuchechemea.

Alimkuta Kinuthia sokoni Othaya siku ya soko. Kinuthia alimsikiliza kwa heshima zote, kichwa ameinamisha.

"Pole sana, Tata," alisema. Kwetu hivyo ndivyo mtu humwita shangazi, au mama yeyote wa rika la shangazi. "Hao wageni ni kama watoto. Nitaongea nao. Hutaona tena."

Akampa kofia yenye picha ya baiskeli. Magdaline aliipokea kwa sababu hakulelewa kukataa zawadi, akafika nayo nyumbani na kuziba nayo tundu la banda la kuku.

Jumamosi mbili zikapita, na Jumatatu zake mbili. Uchafu ulikuwa umezidi. Magdaline akaacha kuuza ndizi. Kila mkono ulioletwa mbele yake kupokea ndizi, aliutazama na kujiuliza umetoka kufanya nini, na swali hilo likishaingia kichwani, haliondoki.

Ndipo alipoamua kwenda kwa serikali. Kituo kidogo cha polisi kiko karibu na soko, na aliyekuwa zamu ni Koplo Simiyu, mtu mkubwa mpole kutoka Bungoma, ambaye watu wa hapa humpenda kwa sababu huwa hana haraka ya kumfunga mtu. Magdaline aliingia na mfuko wa chakula cha ng'ombe uliofungwa kamba, akauweka juu ya kaunta.

"Habari ya asubuhi, mama. Umeleta nini?"

"Ushahidi," Magdaline alisema, akaanza kufungua kamba.

Simiyu aliinama kutazama. Kisha akaruka nyuma mpaka kiti kikaanguka. "Mama! Funga! Funga hiyo kitu!"

"Kwani umeenda mbali hivyo? Mimi niliishika na mkono."

"Toa nje, mama, tafadhali. Tutaongelea huko nje."

Nje, pua ameifunika kwa kofia, Simiyu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na kwa hilo Magdaline anamheshimu mpaka leo. Lakini aliposema, alisema hivi: "Sasa nimshike nani, mama? Mavi haina jina. Lete mtu, nitamshika. Hata kwetu Bungoma baiskeli ni nyingi kuliko huku, lakini mtu akishikwa tumbo anabisha mlango ya mtu. Hii yenu sijui ni maendeleo gani."

Magdaline alibeba mfuko wake akarudi. Aliufukia nyuma ya migomba, na mfuko wenyewe akauchoma.

Jumamosi iliyofuata alivaa koti kuukuu la Gatimu, akachukua jembe, akajikalisha kwenye michai ya kona juu ya kikapu kilichopinduliwa. Alikuwa na hakika atamkamata mzungu, na alikuwa amekwisha kujipangia Kiingereza chake. Jua lilipopanda aliwasikia: magurudumu yakisaga changarawe, mtu akicheka, breki zikilia. Wakasimama.

"Haya, mapumziko," sauti ya Kinuthia ilisema. "Hapa ndipo choo chetu. Kina mama upande wa chini, kina baba upande wa juu. Msiwe na wasiwasi, hii ni shamba ya familia yetu. Na kwa mila ya huku kwetu, hiyo ni mbolea."

Watu wakacheka.

Magdaline hakusikia hasira kwanza. Alisikia kinyaa kile kile cha siku ya kikapu, lakini sasa hakikuwa cha vidole. Kwa majuma yote alikuwa amewachukia watu asiowajua, akiwapa kila jina baya, kumbe walikuwa wanaelekezwa kwa mkono, huku na kule, na mtu ambaye mama yake alichuma mistari kama hii hii. Wamae alipofariki, Magdaline alikuwa kwenye kundi la wanawake waliopika. Kinuthia alijua ni mikono ya nani itapita hapa Jumatatu. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Mwanamke mmoja wa Nairobi, amevaa shati la manjano, aliingia kwenye mstari na kumpa mgongo, hatua chache tu kutoka alipokaa. Magdaline akakohoa.

Mwanamke alipiga kelele mpaka ndege wakaruka.

"Vaa tu, mama," Magdaline alisema. "Sikuangalii."

Akainuka, akatoka barabarani na jembe lake. Kinuthia alikuwa ameketi kwenye baiskeli, chupa ya maji mdomoni. Alipomwona, maji yalimwagika kifuani.

"Tata! Sikujua uko hapa."

"Ninajua. Si hapa hakuna watu."

"Hapana, Tata, unajua hiyo ni..."

"Hii shamba ni ya familia gani, Kinuthia?"

Kinuthia akaanza kufunga kifuniko cha chupa. Yule mwanamke wa shati la manjano alikuwa ametoka kwenye chai, uso umemwiva kwa aibu. Jina lake, kama ilivyojulikana baadaye, ni Wendy. "Kwani si yake?" aliuliza. "Alituambia ni yao."

"Muulize tena," Magdaline alisema.

Kinuthia akashuka kwenye baiskeli, akamsogelea, akaongea kwa sauti ya chini. "Tata, tuongee kando. Usiniaibishe mbele ya wageni."

"Mimi ndio naleta aibu? Mimi ndio nilichuchumaa?"

"Tutaelewana." Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni. "Sema tu wewe unataka nini."

"Rudisha hiyo. Pesa imetoka kwa choo nitaishika na nini?" Akalitupa jembe miguuni pake. "Chimba. Zunguka hii mistari yote, tafuta, ufukie. Na hizo karatasi uzitoe na mkono, vile mimi nilitoa."

Kinuthia alicheka. Akawageukia wageni, akitafuta wa kucheka naye. Mzee mmoja mwenye ndevu za mvi alikuwa amezama kwenye simu yake. Wengine wawili walitazama mlima ng'ambo kana kwamba ndio kwanza umetokea. Mmoja akasema ni vizuri waondoke kabla jua halijawa kali.

"Kinuthia, chimba," Wendy alisema.

"Mimi ni kiongozi wa msafara. Siwezi kuacha baiskeli za watu."

Wendy akainama akaokota jembe mwenyewe. Ilionekana hajawahi kushika jembe, kwa maana alilikamata karibu na chuma. Aliingia kwenye mistari na viatu vyake vya baiskeli vinavyoteleza, akachimba, akafukia, akachimba. Mahali pengine alisimama, akageuza kichwa, akatapika. Akajipangusa kwa mkono wa shati na kuendelea.

Ungedhani Magdaline alifurahi. Hakufurahi. Alitazama na kuona kwamba sasa shambani mwake kuna mavi, karatasi, na matapishi pia. Aliwatazama wale wanaume watatu waliosimama barabarani kama watu wanaongoja basi, wakimwacha mwanamke mmoja afukie vya kwao. Lakini aliyemchafua moyo zaidi ni Kinuthia. Muda wote huo alikuwa amechutama kando ya baiskeli yake, akikagua mnyororo ambao haukuwa na kosa lolote.

Wendy alipomaliza mistari ya upande wa chini, alirudisha jembe, akaomba radhi mara nyingi mno, machozi yakimlengalenga. Magdaline alimwonyesha bomba la maji kule nyumbani, akamwambia anawe. Hakumwambia si kitu. Ilikuwa kitu.

Habari zilifika sokoni kabla ya jioni, na zilifika zimegeuka. Mwenye nyumba ya wageni alisema Magdaline anafukuza riziki ya watu. Muuza nyama akasema vivyo hivyo. Kinuthia mwenyewe alieneza kwamba mama yule ana wivu, kwamba alikuwa anataka kulipwa kila baiskeli ikipita. Hata Beth alikuja langoni. "Ungeongea tu pole pole," alisema. "Watu hawa ni wageni wetu. Kitu kidogo kama hicho, kwani kuna mtu haendi choo?"

"Anaenda choo," Magdaline alisema. "Haendi chai."

Jumapili kanisani Kinuthia aliketi mbele, shati limepigwa pasi. Padri alipotualika tutakiane amani, watu wakaanza kugeuka na kupeana mikono kama kawaida, na Kinuthia akashuka njia ya kati akisalimia wazee mmoja mmoja, tabasamu mpaka masikioni, mpaka akafika kwenye benchi la Magdaline. Akanyoosha mkono. Mimi nilikuwa benchi la nyuma yao, na niliuona mkono huo: safi, kucha zimekatwa, unanukia mafuta.

"Amani ya Kristo, Tata."

Magdaline aliutazama mkono ule. Kisha akaingiza mikono yake yote miwili ndani ya sweta.

"Amani nimekupa," alisema. "Mkono bado."

Gatimu, kwa kuogopa maneno, aliunyaka ule mkono akautikisa kwa niaba ya nyumba yote. Wakati wa kurudi nyumbani, Magdaline alitembea mbele peke yake njia nzima.

Kinuthia hakuomba radhi wala hakuacha kazi. Alichofanya ni kuhamisha njia. Sasa msafara wake hukata kushoto kabla ya kona, hushuka kwa kijia cha wachumaji na kusimama ng'ambo ya kijito, kwenye kipande cha chini cha Beth. Magdaline akiwa anachuma huwaona vizuri kutoka kwake: mashati mekundu na ya manjano yakisimama, yakitawanyika ndani ya kijani, yakizama mpaka mabegani, yakiinuka tena. Alimpigia Beth simu mara ya kwanza alipowaona.

"Ninajua," Beth alisema. "Lakini wananunua ndizi karibu zote. Na mimi siku hizi nachuma na glavu."

Majani ya Beth na majani ya Magdaline hupimwa na karani mmoja na kupakiwa lori moja. Magdaline akakata simu, akatema mate pale pale kwenye mtaro, kitu ambacho hajawahi kufanya maishani, na hakufukia. Tangu hapo hanywi chai. Ukimtembelea atakupikia, maana mgeni ni mgeni, lakini mwenyewe atakaa na kikombe chake cha uji na kukutazama ukinywa, na utazamaji wake unaifanya chai ikawie kooni.

Mwezi wa saba, wakati wa baridi na ukungu, wanawake watatu walikuja kwa baiskeli bila kiongozi yeyote. Walisimama langoni, si kwenye kona. Aliyepiga hodi alikuwa Wendy.

"Shikamoo, mama. Sijui kama unanikumbuka."

"Ninakukumbuka."

"Tunaomba kutumia choo, kama hutajali."

Magdaline akaenda ndani akaleta ufunguo wa choo cha nje, na ndoo ya maji, na sabuni. Akasimama mlangoni pa jikoni mikono imekunjwa mpaka wote watatu walipomaliza. Wakashukuru. Wendy akauliza kama bado ana ndizi.

"Siuzi," Magdaline alisema.

Walipoondoka alikwenda chooni moja kwa moja. Aliangalia sakafu, akaangalia kuta, akaangalia nyuma ya mlango. Alitafuta kosa kwa bidii na hakuliona, na bado hakufurahi. Alimwaga ndoo nzima ya maji juu ya saruji, akasugua kwa ufagio mpaka mwisho, akafunga kufuli. Kisha akapanda mpaka ukingo wa shamba, kwenye ukungu, akasimama akiwatazama wale wanawake wakiteremka kuelekea mtoni, ili ahakikishe kwamba hawasimami mahali popote.